Swali la Draupadi na Kimya cha Wazee

Hotuba iliyosomwa ukumbini mwa hekalu letu usiku wa maadhimisho, kabla ya mchezo wa mabinti



Tumeombwa kusema maneno machache kabla pazia halijafunguliwa. Tumechagua kuyasema kwa Kiswahili, kwanza ili majirani zetu wasikae hapa kama watu wanaotazama picha zisizo na maelezo; na pili kwa kuwa wajukuu wetu, tukubali tusikubali, Kigujarati wanakielewa wakiitwa kula, hawakielewi wakihubiriwa.

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kusikia ya kuwa mchezo huu ulikaribia kuzuiwa. Ni kweli. Mabinti wa hekalu waliandika wenyewe kisa cha Sita, wakakileta mbele ya halmashauri kama ilivyo desturi. Katika sehemu ya mwisho Sita anatakiwa kuapa mbele ya baraza kwamba yu safi. Kabla ya kuapa anawageukia wazee wa baraza na kuwauliza swali. Baadhi yetu tulikasirika. Tulisema kwamba huko ni kumvunjia heshima Bhagwan Ram, kwamba hadithi ya mababu haiongezwi wala haipunguzwi, na kwamba mambo haya ya kuwageuza Sita na Draupadi kuwa wanaharakati yameletwa na vitabu vya Marekani. Tunasema "tulisema" kwa makusudi. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliokataa, na sauti yetu ndiyo iliyosikika hadi uani.

Hapo binti mmoja, ambaye hata miaka 17 hajatimiza, akatuuliza kwa adabu: "Kaka, hadithi isiyoongezwa ni ipi? Ya Valmiki, au ya televisheni?" (Majirani zetu wasishangae: kwetu Wagujarati kaka ni baba mdogo.) Hatukuwa na jibu. Ramayana ya Ramanand Sagar tulikuwa tumeitazama yote katika kanda za video, kama walivyoitazama wengi wa rika letu. Valmiki naye tulikuwa naye nyumbani, kwa tafsiri ya Kigujarati, juu ya kabati, amefungwa kitambaa chekundu, anafukiziwa ubani kila asubuhi. Kumsoma hatukuwahi.

Tukamfungua. Elimu yetu ni ya sekondari na macho si yale ya zamani, kwa hiyo kazi ilichukua miezi. Tutawaelezeni tulichokikuta, maana ndicho kilichotufanya tubadili kura yetu.

Kwa faida ya majirani zetu, Ramayana na Mahabharata ni tenzi mbili kuu za Wahindu. Ya Valmiki ina beti zipatazo 24,000. Mahabharata, kwa hesabu ya mapokeo, inafikia 100,000. Ramayana ni habari ya Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyepelekwa uhamishoni miaka 14. Sita mkewe na Lakshmana mdogo wake walimfuata msituni. Ravana, mfalme wa Lanka, akamteka Sita kwa hila. Rama akavuka bahari, akapigana, akamkomboa. Ndipo Sita akapitishwa motoni ili ithibitike kwamba hakuguswa. Moto haukumuunguza. Hata hivyo, baadaye watu wa mji wakanong'ona, na Rama akamwondosha mkewe mjamzito, akaachwa msituni, akazaa mapacha Lava na Kusha katika maskani ya Valmiki mwenyewe, yule mtunga utenzi. Wavulana walipokua, Sita aliitwa tena aape mbele ya watu. Alimwomba Mama Ardhi ampokee ikiwa yu mkweli. Ardhi ikapasuka, ikamchukua.

Sasa, kila msichana wa Kihindu amefundishwa habari ya mstari wa Lakshmana. Tunamwambia ya kwamba Lakshmana alichora mstari kuzunguka kibanda, akamkataza Sita asiuvuke. Sita akauvuka, na balaa lote likaanzia hapo. "Usivuke mstari" ni kauli inayosemwa majumbani mwetu mara nyingi kuliko sala. Tuliutafuta mstari huo katika Valmiki. Tulirudi nyuma kurasa kadhaa, tukidhani tumeruka. Haumo. Lakshmana anaondoka kwa uchungu, baada ya Sita kumwambia maneno makali, na anawaachia miungu wa msitu wamlinde. Tulsidas, aliyeanza kutunga Ramcharitmanas yake mwaka 1574, naye hauchori mahali pa kutekwa kwa Sita. Unatajwa tu baadaye sana, kinywani mwa Mandodari, mke wa Ravana. Mstari unaowazuia binti zetu hadi leo ulichorwa na wasimuliaji waliokuja baadaye.

Hali kadhalika Ahalya, mke wa mwenye hekima Gautama, ambaye sote twajua aligeuzwa jiwe. Katika Valmiki hakugeuzwa jiwe. Alilaaniwa aishi bila kuonekana, akilala juu ya majivu na kula hewa. Jiwe liliongezwa.

Na Draupadi? Mara ngapi tumesema, tena kwa kicheko, kwamba vita vya Mahabharata vilisababishwa na ulimi wa mwanamke? Tunasimulia ya kuwa Duryodhana alipoanguka majini katika jumba la Pandava, Draupadi alimdhihaki kwamba mwana wa kipofu naye ni kipofu. Dhihaka hiyo haimo katika Mahabharata ya Kisanskriti iliyohaririwa na wataalamu wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, kazi iliyoanza mwaka 1919 na kumalizika 1966. Mwenye kusimulia tukio lile anasema waliocheka ni Bhima na ndugu zake. Kwamba Draupadi naye alicheka, tunalisikia kwa Duryodhana akimlalamikia baba yake, na Duryodhana si shahidi ambaye sisi wafanyabiashara tungemkubali hata kwa gunia moja la sukari.

Mtu wa duka akikuta daftari mbili zisizolingana huzilaza kando kwa kando. Nasi tulifanya hivyo, na tofauti tuliyoiona ilitutia haya. Kila kilichoongezwa ili kumfunga mwanamke, mstari, jiwe, ulimi mbaya, tulikipokea bila kudai risiti. Leo mabinti wanaongeza swali moja tu, nasi tukadai muhuri wa mababu.

Tena waliopunguza pia wapo. Tulsidas, ambaye hakuna mcha Mungu anayemtilia shaka, anasema Sita aliyeingia motoni alikuwa kivuli, wa kweli akiwa amehifadhiwa humohumo motoni tangu kabla ya kutekwa. Na habari ya Sita kufukuzwa akiwa mjamzito hakuiweka kabisa. Twaamini moyo wake haukuistahimili. Hakuna anayemwita Tulsidas mvunja heshima kwa sababu hiyo.

Hapa twaomba ruhusa tukae kidogo na Draupadi, kwa kuwa kisa chake ndicho kilichotushika koo.

Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano wa Pandava, anacheza kamari katika ukumbi wa mfalme na anashindwa kila mara. Anaweka rehani mali, anapoteza. Anaweka ndugu zake mmoja mmoja, anapoteza. Anajiweka mwenyewe, anapoteza. Mwishowe anamweka Draupadi, mke wao, naye anampoteza. Mjumbe anatumwa kumwita Draupadi aje kama mjakazi. Sisi katika televisheni tulikumbuka kilio chake. Katika kitabu, jambo la kwanza alilolifanya si kulia. Alimrudisha mjumbe akamuulize yule mcheza kamari: alitangulia kumpoteza nani, nafsi yake au yeye Draupadi?

Tazameni ukali wa swali hilo. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa ana mamlaka gani ya kumweka mtu mwingine rehani? Wakili yeyote wa mji huu angelitambua mara moja kuwa ni swali la sheria. Kwa kuuliza, Draupadi aliburutwa kwa nywele hadi barazani, akiwa katika siku zake, amevaa nguo moja tu. Na humo barazani, mbele ya wafalme, aliliuliza tena.

Nani alikuwamo? Bhishma, babu wa ukoo, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote. Drona, mwalimu wao. Mfalme Dhritarashtra. Bhishma ndiye aliyejibu, na jibu lake ni kwamba dharma, yaani njia ya haki na wajibu, ni nyembamba mno, hawezi kulikata shauri. Wengine wakatazama chini. Waliosema kweli ni wawili tu: Vidura, ambaye mama yake alikuwa mjakazi, na Vikarna, mdogo wake Duryodhana, kijana ambaye Karna alimkemea akae kimya mbele ya wakubwa. Nguo za Draupadi zikavutwa, zisiishe. Hatimaye mfalme, kwa hofu, akampa Draupadi nafasi ya kuomba. Akaomba Yudhishthira awe huru, kisha ndugu zake wote pamoja na silaha zao. Alipoambiwa aombe mara ya tatu akakataa. Wanaume watano mashujaa walitolewa utumwani na mwanamke waliyemweka rehani.

Swali lake halikujibiwa usiku ule.

Tulipofika kwenye maneno ya Bhishma tulikifunga kitabu. Tuwieni radhi, sasa tunaingia katika mambo ya nyumbani kwetu, lakini bila hayo hotuba hii ingekuwa ya uongo. Sisi ni ndugu watatu wa kiume na dada mmoja. Dada yetu alitunza hesabu za duka la baba kwa miaka 19. Wakati wa uhaba wa bidhaa, ni yeye aliyejua tunamdai nani na tunadaiwa na nani. Benki walimjua yeye kabla yetu. Baba alipofariki, hati ziliandikwa kwa majina matatu. Siku ziliposomwa mezani, dada yetu aliuliza maneno mawili tu: "Na mimi?" Sisi ndio wakubwa. Tulimjibu kwamba mambo ya sheria ni magumu, tutayaangalia. Wadogo zetu wakatazama chini. Hakuuliza tena, nasi kwa miaka 11 tulikuwa tukisifu subira yake, tukimlinganisha na Sita.

Basi huyo Bhishma tulimfahamu vizuri.

Turudi kwenye vitabu. Tulidhani kuzisimulia upya habari za wanawake hawa ni jambo la juzi. Tumeona sivyo. Huko Bengal, katika karne ya 16, mahali ambapo leo ni Kishoreganj katika Bangladesh, mwanamke aitwaye Chandrabati alitunga Ramayana yake. Vita vya mashujaa hakuvishughulikia sana. Sita ndiye anayewasimulia wanawake wenzake taabu zake, mwezi baada ya mwezi, na mtungaji mwenyewe anamlaumu Rama waziwazi kwa kupoteza busara na kusikiliza fitina. Wataalamu waliutupa kando utungo huo kwa muda mrefu, wakisema ni dhaifu na haukukamilika, mpaka mwandishi Nabaneeta Dev Sen alipoonyesha ya kuwa haupungukiwi kitu: ni Ramayana ya Sita, siyo ya Rama.

Huko Andhra, wanawake waliimba ndani ya nyumba zao kwa Kitelugu habari ya Urmila, mke wa Lakshmana, ambaye Valmiki anamtaja kwa shida. Mumewe alimfuata kaka yake msituni kwa miaka 14. Na mke je? Katika wimbo wao, Urmila alilala usingizi miaka yote hiyo. Lakshmana aliporudi na kumwamsha, hakumtambua. Akamkemea kama mwanamume mgeni aliyeingia chumbani pasipo ruhusa. Tagore naye aliandika insha ya kusikitika kwamba washairi walimsahau Urmila, na Maithili Sharan Gupt akampa nafasi kubwa katika utenzi wake wa Kihindi, Saket.

Wala tusiende mbali. Akina mama wa Kigujarati mlio hapa, ni nani kati yenu asiyeujua wimbo wa kijiti cha karafuu? Marehemu Ba, mama yetu mzazi, aliuimba akicheza garba, na alipokuwa akipepeta mchele. Rama anampiga Sita kwa kijiti cha karafuu, na Sita analipiza kwa shada la maua. Kisha wanaanza kujibizana: Sita anasema kwa maneno yako haya nitaondoka, nitakwenda kusaga nyumba ya watu, Rama anasema ukienda kusaga mimi nitakuwa jiwe la kusagia, na hivyo wanaendelea. Majirani zetu wenye asili ya Unguja na Pemba watapenda kusikia kwamba hata ugomvi wa Rama na Sita ulinukia karafuu. Lakini sikilizeni kilichomo: Sita anayelipiza, Sita anayetishia kuondoka, na Rama anayembembeleza. Bibi zetu waliimba hayo mbele ya waume zao miaka yote, na hakuna halmashauri iliyokaa kuwazuia. Labda kwa sababu hatukuwa tunasikiliza maneno, tulikuwa tunasubiri chakula.

Pwani hii nayo ina ushahidi wake. Mwana Kupona wa Siyu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Mawaidha yake kuhusu mume si yale ambayo mabinti wetu wangeyatia katika mchezo, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake, na hadi leo usia wa mama yule unasomwa.

Katika zama zetu waandishi wamekuwa wengi. Iravati Karve, mwanamke msomi, aliandika kwa Kimarathi kitabu kiitwacho Yuganta mwaka 1967, akiwachunguza Gandhari, Kunti na Draupadi kama wanadamu, bila kuwapamba. Pratibha Ray aliandika kwa Kioriya riwaya ya Yajnaseni, ambamo Draupadi anasimulia maisha yake mwenyewe. Volga, mwandishi wa Kitelugu, alipata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 2015 kwa hadithi zake ambamo Sita anakutana na Ahalya, Surpanakha, Renuka na Urmila, kila mmoja na jeraha lake, wakazungumza. Chitra Banerjee Divakaruni, anayeishi Marekani, ameandika kwa Kiingereza kitabu cha Draupadi mwaka 2008 na cha Sita mwaka 2019. Kwa hiyo ni kweli kwamba baadhi ya vitabu vimetoka Marekani. Mizizi haikutoka huko.

Kuna kimoja tunakitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ya watoto. Mahasweta Devi, katika miaka ya 1970, aliandika hadithi fupi aliyoiita Draupadi. Humo hakuna malkia. Ni mwanamke maskini wa kabila la Wasantali, anakamatwa na askari na kutendewa ukatili usiku kucha. Asubuhi anaambiwa avae nguo aletwe mbele ya mkubwa wao. Anakataa kuvaa, anamwendea hivyohivyo, na mwenye silaha ndiye anayeogopa. Hakuna muujiza wa nguo zisizokwisha. Tulikisoma mara moja, na hatutakisoma mara ya pili, lakini tunakubali kwamba mwandishi aliielewa Mahabharata kuliko sisi.

Hatusemi kwamba kila kitabu kipya ni kizuri. Vingine vimepindua tu: Ravana anafanywa muungwana, Rama anafanywa mkatili asiye na majonzi, na msomaji anauziwa bidhaa ileile ya zamani kwa nembo mpya. Rama wa Valmiki anaumia. Anapomwondosha Sita hana amani tena, wala hakuoa mke mwingine. Katika ibada yake ya kifalme aliweka sanamu ya dhahabu ya Sita mahali pa mke. Anayeyafuta majonzi hayo anafuta nusu ya msiba. Mabinti wetu hawakuyafuta, na tunawapongeza.

Kwa wazee wenzetu ambao bado mioyo yenu ina wasiwasi, tunawaombeni mkumbuke jambo moja lililomo ndani ya Valmiki yenyewe. Katika lile baraza la mwisho, Sita alipoletwa mbele ya watu, aliyesimama kumshuhudia alikuwa Valmiki. Mtunzi aliingia ndani ya utenzi wake, akaweka thawabu za ibada zake zote kuwa dhamana kwamba mwanamke huyu hana hatia. Na Sita mwenyewe hakuwa bubu: aliponenwa vibaya kando ya moto wa Lanka, alimuuliza Rama sababu ya kusema naye kama mtu wa kawaida asemavyo na mwanamke wa kawaida, na hapo mwanzo, Rama alipotaka kumwacha Ayodhya, alimjibu maneno ambayo, kama mke yeyote wa hapa angemwambia mumewe, jirani wangekuja kusuluhisha.

Tuwaeleze na hili, maana mji ni mdogo na mtalisikia. Mwezi uliopita tulikaa tena mezani, ndugu watatu, safari hii na dada yetu. Hati mpya ziko kwa wakili, zina majina manne. Tafadhali msipige makofi. Mtu anayelipa deni la miaka 11 hasifiwi, huulizwa riba. Na yeye, aliyetunza hesabu miaka 19, ameiuliza.

Yuko nyuma ya pazia hivi sasa, ndiye aliyewafundisha mabinti mchezo huu. Ameomba wazee watano wakae jukwaani kuwa lile baraza, na sisi tumekubali kuwa mmoja wao. Tumeambiwa hatuna maneno ya kusema humo. Kazi yetu ni kukaa kimya. Kwa hiyo tuwieni radhi, tunakwenda kuvaa vilemba.